Tumbo Lisilouma Jumamosi: Ulemavu wa Kujifunza kama Suala la Afya ya Jamii

Ndugu walimu, wauguzi na madaktari, wazazi wenzangu, na nyote mliofika kunisikiliza,

Naomba nianze na mtoto mmoja ambaye sitamtaja jina. Alikuwa na umri wa miaka tisa alipoletwa kliniki na mama yake kwa mara ya nne ndani ya muhula mmoja, akilalamikia tumbo. Tulikuwa tumeshampima choo na kukuta hana minyoo, tumempima mkojo ukawa safi, tumempa dawa ya kupunguza asidi na haikusaidia kitu. Faili lake lilikuwa limenenepa na mama alikuwa amechoka. Siku hiyo muuguzi aliyekuwa akijaza fomu ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi wengine hatukuwa tumeliuliza: tumbo hili huuma siku gani? Mama akafikiri kidogo, akasema huuma asubuhi, na kwamba hakumbuki hata mara moja lilipouma Jumamosi. Wakati wa likizo lilipona lenyewe. Muuguzi akachukua boksi la dawa lililokuwa mezani, akampa mtoto, akamwomba kwa upole amsomee maneno yaliyoandikwa ubavuni. Yalikuwa maneno manne tu: weka mbali na watoto. Mtoto akalishika lile boksi, akaligeuza, akalitazama kwa muda ambao ulitufanya sote tunyamaze, kisha akasema tumbo limeanza kuuma.

Mtoto yule hakuwa akidanganya. Hofu huuma tumboni kweli, na mwili wa mtoto hautofautishi hofu ya simba na hofu ya kuitwa mbele ya darasa asome aya. Lakini sisi tuliotibu tumbo kwa muhula mzima tulikuwa tumetibu mahali pasipohusika, na shule, kwa upande wake, ilikuwa imemwandikia mama barua mbili za kulalamikia utoro. Hospitali iliona ugonjwa usiokuwapo, shule ikaona utovu wa nidhamu usiokuwapo, na katikati ya macho mawili hayo mtoto alikuwa hajui kusoma.

Nimekuja kutetea hoja moja. Sehemu kubwa ya madhara wanayoyapata wanafunzi wenye ulemavu wa kujifunza haitokani na ulemavu wenyewe. Inatokana na miaka inayopita kabla hajatokea mtu wa kuutambua na kuwafundisha kwa namna inayowafaa. Miaka hiyo inawapotea watoto wengi kwa wakati mmoja, inaacha madhara ya kiafya yanayoweza kuonekana, na inaweza kuzuilika. Jambo lenye sifa hizo tatu tumezoea kuliita suala la afya ya jamii, na sioni kwa nini hili liwe na jina jingine.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno, maana mkanganyiko wa maneno umewagharimu watoto hawa. Ulemavu wa kujifunza si ulemavu wa akili. Mwenye ulemavu wa akili hupata ugumu katika uelewa kwa ujumla na katika shughuli za kila siku za kujitegemea, ilhali mwenye ulemavu wa kujifunza huwa na kizuizi katika eneo mahususi, la kusoma, la kuandika au la kuhesabu, huku uwezo wake katika mambo mengine ukilingana na wa wenzake na pengine kuwazidi. Wale mnaosoma maandiko ya kigeni muwe waangalifu, kwa sababu nchini Uingereza istilahi inayotafsirika neno kwa neno kuwa ulemavu wa kujifunza hutumika kumaanisha ulemavu wa akili, lakini nchini Marekani humaanisha hiki ninachokizungumzia. Nimewahi kushika ripoti iliyojumlisha takwimu za makundi hayo mawili kana kwamba ni watoto walewale.

Ulioenea zaidi ni disleksia, yaani ugumu wa kudumu katika kutambua maneno yaliyoandikwa na kuyasoma kwa usahihi na kwa kasi. Diskalkulia inahusu namba: mtoto anaweza kuhesabu moja hadi mia kwa sauti nzuri, lakini ukimwonyesha vijiti vitano na vijiti saba hana hisia ya haraka ya fungu lipi ni kubwa. Disgrafia inahusu uandishi, kuanzia mwandiko hadi tahajia na upangaji wa mawazo kwenye karatasi. Mara nyingi haya huandamana, na mara nyingi pia huandamana na tatizo la umakini na utulivu, jambo linalowafanya watoto wengi waonekane watundu kabla hawajaonekana kuwa wanahangaika.

Toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika Januari 2022, linaliweka tatizo hili miongoni mwa matatizo ya ukuaji wa mfumo wa neva, na linasisitiza kwamba mtoto asihesabiwe kuwa nalo ikiwa kushindwa kwake kunaelezeka kwa uoni hafifu, kwa usikivu hafifu, kwa kukosa shule, au kwa kufundishwa kwa lugha asiyoijua. Naomba walimu mlishike hilo la mwisho. Mtoto aliyehamia mahali ambapo haijui lugha ya darasani hana ulemavu. Ana kazi ya kujifunza lugha.

Jambo hili si geni kwa tiba. Neno disleksia lilibuniwa na daktari wa macho wa Ujerumani, Rudolf Berlin, katika miaka ya 1880, alipokuwa akieleza watu wazima waliopoteza uwezo wa kusoma kwa sababu ya maradhi ya ubongo. Kisha mwaka 1896 daktari wa Uingereza, W. Pringle Morgan, akaandika katika jarida la madaktari la nchi hiyo habari za mvulana wa miaka 14 aliyeitwa Percy, ambaye hakuwa ameumia wala kuugua. Alikuwa mwerevu, mwepesi katika michezo, amefundishwa tangu umri wa miaka saba, na bado hakuweza kusoma ila maneno mafupi kabisa. Alipoambiwa aandike jina lake aliandika "Precy", na hakuona kosa mpaka alipoonyeshwa zaidi ya mara moja. Hesabu za aljebra hazikumshinda. Mwalimu wake alisema kuwa Percy angekuwa kijana mwerevu kuliko wote shuleni laiti mafundisho yote yangetolewa kwa mdomo.

Tazameni nani waliokuwa wa kwanza kuandika: madaktari, na zaidi madaktari wa macho, kwa sababu mzazi anapoona mtoto hasomi hudhani macho yana kasoro. Istilahi ya ulemavu wa kujifunza tunayoitumia leo ilienea baada ya mwaka 1963, pale mwanasaikolojia wa elimu Samuel Kirk alipoitumia mbele ya wazazi waliokusanyika Chicago. Tangu hapo jambo lilihamia shuleni, na uhamisho huo ulikuwa sahihi, kwa kuwa dawa yake ni ufundishaji. Kosa letu sisi wa sekta ya afya ni kwamba tulipoikabidhi shule kazi hiyo tulinawa mikono. Shule isipoweza, inamkabidhi mzazi. Mzazi asipoweza, mtoto anabaki na tumbo lake.

Sasa tutazame ukubwa wa tatizo. Mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la mwaka 2013, unakadiria kuwa kati ya asilimia 5 na 15 ya watoto wa umri wa kwenda shule, katika lugha na tamaduni mbalimbali, wana aina mojawapo ya ulemavu huu. Upana wa makadirio hayo unatokana na kwamba hakuna ukuta unaotenganisha mwenye ulemavu na asiye nao. Uwezo wa kusoma ni mteremko, na mahali pa kuchora mstari ni uamuzi wa wataalamu. Hata hivyo, chukueni darasa la wanafunzi 40 na mpige hesabu kwa kiwango cha chini: mnapata wanafunzi wawili. Kwa kiwango cha juu ni sita. Hakuna mwalimu hapa ambaye hajawahi kuwa nao, na wengi wetu tukifumba macho tunaweza kuiona sura ya mmoja wao, amekaa dawati la nyuma, daftari limefunikwa kwa mkono.

Watoto wenye ulemavu wa kujifunza huonyesha wasiwasi na sonona kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao, hukariri madarasa na kuacha shule kwa wingi zaidi, na huonewa zaidi na wanafunzi wengine. Siwezi kusema kwamba disleksia husababisha sonona kama vile vimelea vinavyosababisha malaria. Uhusiano huu una njia nyingi, na baadhi ya watoto hurithi mielekeo yote miwili. Lakini njia moja tunaijua bila darubini, kwa sababu tunaitengeneza wenyewe. Ni mtoto anayeitwa mzito wa kichwa mara tano kwa wiki, majuma arobaini kwa mwaka, na watu wazima anaowaamini. Tungekuwa na kemikali inayowagusa watoto kwa wingi huo na kuwafanya wajichukie, tungeipiga marufuku.

Athari haziishii shuleni. Elimu ni miongoni mwa mambo yanayoashiria vizuri zaidi afya ya mtu kwa maisha yake yote, na uwezo wa kusoma ndio mlango wa elimu. Mtu mzima anayesoma kwa taabu huvunja maelekezo ya dawa bila kukusudia, hukosa miadi kwa kuwa aliisoma tarehe vibaya, na hutia saini fomu ya ridhaa ya upasuaji bila kujua kilichoandikwa. Kila mhudumu wa afya amekutana na mgonjwa anayesema amesahau miwani nyumbani. Baadhi yao wameisahau kweli.

Katika lugha yetu wenyewe kuna jambo ambalo watu wengi, wakiwamo walimu hodari, hawalitazamii. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Herufi hazimdanganyi msomaji kama zinavyofanya katika Kiingereza, na kwa sababu hiyo wapo wanaoamini kuwa Kiswahili hakina disleksia. Imani hiyo si sahihi, ila ina sababu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulilinganisha wasomaji wenye disleksia wa Kiitaliano, ambacho maandishi yake pia hufuata matamshi, na wa Kiingereza na Kifaransa. Waitaliano walisoma kwa usahihi zaidi, lakini upungufu wa shughuli katika upande wa kushoto wa ubongo wakati wa kusoma ulikuwa uleule kwa wote. Lugha yenye tahajia nyoofu hupunguza makosa bila kuondoa ulemavu. Kinachobaki ni kusoma polepole, na mwalimu anayesahihisha makosa tu hataona kitu.

Nitaeleza jinsi unavyoonekana. Mtoto wa darasa la kwanza hufundishwa kwa wimbo: ba, be, bi, bo, bu. Mwenye disleksia huimba kama wengine, na kwa kuwa kumbukumbu yake ya sauti iliyoimbwa inaweza kuwa nzuri, humaliza ukurasa mzima huku macho yake yako dirishani. Zibeni mfuatano huo kwa karatasi, mbakize "bo" peke yake, kisha mtazameni midomo. Ataanza tena kimyakimya kutoka "ba", apande ngazi moja moja, na akifika "bo" ataitamka kwa sauti. Ameipata, na mwalimu ataweka alama ya vema. Miaka miwili baadaye mtoto huyohuyo anakutana na neno kama "hawatatusomea". Kwetu ni neno moja. Kwake ni silabi saba ambazo kila moja inamtaka apande ngazi upya, na akifika ya saba hajui tena kama ni wao wasiotusomea sisi au ni sisi tusiowasomea wao. Ametamka kila silabi bila kosa na hakuelewa neno. Kuhusu kuchanganya b na d, mpaka "baba" ikawa "dada", msiharakishe kuogopa: wanaoanza kusoma karibu wote hufanya hivyo. La kuangalia ni lile linaloendelea wakati wenzake wameshaacha.

Mnaniuliza chanzo. Kwa disleksia, urithi una nafasi kubwa. Mzazi aliyehangaika na kusoma ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mtoto anayehangaika, na kwa hiyo mama anapokwambia kuwa hata baba yake alikuwa hivyo hivyo, usilipuuze neno hilo, maana amekupa habari ya kitabibu. Hakuna kosa la malezi lililosababisha disleksia, wala televisheni, wala laana. Lakini kuna mambo mengine yanayodhoofisha ujifunzaji kwa ujumla, yanayoongeza mzigo juu ya mtoto aliyezaliwa na udhaifu huu au kuzalisha ugumu unaofanana nao, na hayo yamo mikononi mwetu: ukosefu wa madini ya joto kwa mama mjamzito, upungufu wa madini ya chuma kwa mtoto mdogo, pombe wakati wa ujauzito, kuzaliwa kabla ya wakati, manjano makali ya mtoto mchanga yasiyotibiwa, maambukizi ya sikio yanayojirudia. Na risasi, ile metali, ambayo hakuna kiwango chake katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Petroli yenye risasi iliondolewa kwenye vituo vya mafuta duniani kote mwaka 2021 tu, karibu karne nzima baada ya kuanza kutumika. Ubongo wa mtoto ulilindwa na uamuzi uliofanyika mbali kabisa na darasa, na mwalimu hakuweza kufanya lolote kuuharakisha. Hiyo ndiyo maana ya afya ya jamii.

Nifike sasa kwenye sehemu ambayo wenzangu wa afya huwa wanaikosea. Tukishasikia kuwa tatizo ni kubwa, mkono wetu wa kwanza huenda kwenye uchunguzi: tuwapime watoto wote. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kanuni za Wilson na Jungner kuhusu kuwapima watu wasio na dalili, na miongoni mwa kanuni hizo ni kwamba usitafute tatizo ambalo huna njia inayokubalika ya kulishughulikia wala mahali pa kulishughulikia. Kampeni ya siku moja inayoacha shuleni orodha ya majina na haiachi mwalimu aliyefunzwa ni kuongeza dhara, kwa sababu jana mtoto alikuwa mvivu na leo ni mlemavu, na hakuna kingine kilichobadilika. Kanuni hizohizo zinasema kutafuta wenye tatizo kuwe kazi endelevu, isiwe zoezi la mara moja. Kwa hiyo uchunguzi ufanywe na mwalimu wa darasa, kila muhula, kwa zana nyepesi: dakika moja ya kusoma kwa sauti, maneno machache ya imla, maswali ya kutenganisha sauti. Ni sauti gani inayoanza neno "samaki"? Ukiondoa "sa", kinabaki nini? Mtoto wa miaka sita anayeshindwa maswali hayo baada ya kufundishwa vizuri anahitaji msaada wiki ijayo, na hauhitaji cheti cha mtaalamu kuanza.

Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wataalamu ninaowaheshimu. Wao husema tusimsaidie mtoto kabla ya utambuzi kamili, tusije tukampa asiyestahili. Mimi nauliza, ni hasara gani anayoipata mtoto asiye na disleksia akifundishwa kusoma vizuri zaidi? Maji safi hatuyatoi kwa vyeti. Tunamwekea kila mtu bomba, kisha wale wenye maradhi ya pekee tunawatazama kwa karibu. Vivyo hivyo, ngazi ya kwanza ni ufundishaji mzuri wa kusoma kwa darasa zima; ya pili ni vikundi vidogo kwa wanaobaki nyuma; ya tatu ni kazi ya mtu mmoja na mtoto mmoja, pamoja na tathmini ya kina ya mwanasaikolojia wa elimu pale anapopatikana. Tathmini hiyo ina thamani, hasa mtoto anapohitaji haki katika mitihani. Ninachokataa ni kuifanya lango la kwanza wakati wataalamu wenyewe ni wachache na foleni ni ndefu kuliko utoto.

Na ufundishaji unaofaa unajulikana. Mwaka 2000 jopo la kitaifa la usomaji nchini Marekani lilipitia tafiti nyingi na kuainisha mambo matano: utambuzi wa sauti za lugha, uhusiano wa sauti na herufi, usomaji wenye mtiririko, msamiati, na ufahamu. Watoto wenye disleksia wanahitaji mambo hayohayo, ila wazi zaidi, kwa mpangilio mkali zaidi, na kwa marudio ambayo mtu asiye na subira atayaona ya kuchosha. Sauti moja hufundishwa, husikika, hutamkwa, huandikwa hewani kwa kidole, huandikwa kwenye mchanga, hurudiwa kesho na wiki ijayo. Kuhusu miwani ya rangi na mazoezi ya misuli ya macho yanayouzwa kama tiba ya disleksia, taarifa ya pamoja ya madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani ya mwaka 2009 ilisema hakuna ushahidi wa kuyaunga mkono. Mpimeni mtoto macho na masikio, kwa kuwa kila mtoto anastahili kuona na kusikia; mkishampima, msimlipie muuzaji.

Wakati anafundishwa, asizuiwe kujifunza mambo mengine. Mtoto asiyesoma kwa kasi anaweza kuelewa historia na sayansi akisomewa. Muda wa ziada katika mtihani, msomaji wa maswali, kujibu kwa mdomo, kutoondolewa alama za tahajia katika somo la jiografia: haya wengine huyaita upendeleo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, unayaita marekebisho stahiki, na unahesabu kuyanyima kuwa ubaguzi. Tamko la Salamanca la mwaka 1994, kuhusu elimu ya wenye mahitaji maalumu, lilikuwa limeshasema shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Sitakaa sana hapo, kwa kuwa karatasi tunazo. Kinachokosekana ni siku ya Jumatatu asubuhi darasani.

Kuna pingamizi moja ninalolichukua kwa uzito. Mzazi mmoja aliniambia: daktari, mkiliita hili suala la afya mtamfanya mwanangu mgonjwa. Ana haki ya kuogopa. Tuna historia ya kugeuza kila tofauti kuwa ugonjwa, na kila ugonjwa kuwa dawa ya kununua. Nilimjibu kwamba afya ya jamii sehemu yake kubwa haihusu wagonjwa. Chumvi yenye madini ya joto haikuwekwa kwa ajili ya wagonjwa. Mwanawe hana maradhi ya kuponywa. Atabaki na ubongo uleule na huenda akawa mtu mzima anayesoma polepole. Tunachokizuia ni kile kinachojengwa juu yake: aibu, woga, kuacha shule. Hakuridhika kabisa, na kwa sehemu namwelewa, kwa sababu jina likishapewa mtoto ni vigumu kulidhibiti. Ndiyo maana nasema jina lifuate msaada, lisiutangulie, na mtoto mwenyewe aelezwe kwa maneno anayoyaelewa. Wengi hupumua wanapoambiwa. Walikuwa wamejipa jina baya zaidi.

Kwa wahudumu wa afya nina maombi madogo. Mtoto mwenye maumivu ya tumbo, ya kichwa, au anayekojoa kitandani tena baada ya kuacha, aulizwe maendeleo ya shule kama anavyoulizwa chakula. Kliniki ya mama na mtoto iulize kuhusu lugha: mtoto aliyechelewa kuongea, na ambaye katika familia yake kuna waliohangaika kusoma, awekwe kwenye kumbukumbu ili shule ijulishwe mapema, kwa ridhaa ya wazazi. Na mgonjwa mtu mzima asipewe karatasi na kuachwa. Mwombeni aeleze kwa maneno yake atakavyotumia dawa. "Kutwa mara tatu" inaonekana rahisi mpaka umwombe mtu akuonyeshe saa ngapi na saa ngapi, na akuoneshe mililita tano ziko wapi kwenye kikombe.

Kwa walimu nina ombi moja. Msimwite mtoto asome kwa sauti mbele ya darasa bila kumpa aya hiyo siku moja kabla. Haligharimu chochote. Yule msichana wa tumbo, mwalimu wake alipoanza kufanya hivyo, alikuja kliniki mara moja tu katika muhula uliofuata, na alikuja kwa sababu ya mguu aliouumiza akicheza. Kusoma bado anasoma polepole. Anakaa na mwalimu wake nusu saa kila siku baada ya masomo, na mama ameanza kukaa pamoja nao. Alisema anakuja kumsubiri binti, lakini mwalimu ameona kuwa naye hufuata mistari kwa kidole.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Nimeambiwa kuwa maswali huandikwa kwenye vikaratasi na kupitishwa mbele. Nawashukuru walioandaa utaratibu huo, ila leo naomba tuubadilishe: anayependa kuandika aandike, na anayependa kuuliza kwa mdomo anyooshe mkono, nami nitaanza na wa mdomo.